Moto Usiopasha Koti

Mjini, 12 Septemba 2018

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie Bibi shikamoo yangu pia, na umwambie zile soksi za sufu alizonifumia nimeanza kuzivaa mapema, watu ofisini wananicheka.

Sisi hatujambo. Mwanangu Tiantian ameng'oka jino la mbele, la juu, na sasa hataki kupigwa picha. Mwenzi wangu Hao amebadilishiwa zamu kazini, kwa hiyo jioni anapika yeye, nasi tunakula tambi zilizoungua huku tunamsifu, tusije tukamvunja moyo. Siki uliyotutumia imekwisha. Jirani alikuja kuonja kidogo, akarudi na bakuli.

Baba, ungekuwa unasikia ningekupigia simu, na ujumbe wa simuni hutaki, unasema herufi zake ni mayai ya chawa. Basi nakaa kuandika. Unajua niko ofisi ya wilaya, upande wa kuondoa makaa ya mawe majumbani. Msimu huu zamu ni ya kijiji chetu, Baiyangwa. Kila nyumba itapewa hita ya ukutani na mkeka wa umeme wa kutandika juu ya kitanda cha matofali. Jiko lililo chini ya kitanda litavunjwa, na bomba la moshi litazibwa. Usidhani ni maneno ya ofisini tu. Hewa ya hapa mjini imeanza kusafika. Tiantian, uliyekuwa ukimsikitikia kifua chake, hajakohoa tangu miti ianze kuchipua.

Lakini watu wa Baiyangwa wamegoma. Wanasema wanamtazama Qiao Shuanzhu, yaani wewe. Mtu aliyemaliza ujana wake chini ya ardhi akichimba makaa, tena ndiye anayejenga mnara wa makaa wa mwaka mpya ambao kijiji kizima kinaota moto wake, akivunja jiko lake nao watavunja. Baba, naomba uvunje wewe kwanza. Transfoma mpya itafungwa kabla ya theluji. Nakuahidi kwa jina la marehemu mama, Bibi hatalala na baridi hata usiku mmoja.

Mwanao,
Yanping

*

Baiyangwa, Shanxi, 3 Oktoba 2018

Mwanangu Yanping,

Mimi sijambo, Bibi yako hajambo. Viazi mwaka huu vimetoka vikubwa kama vichwa vya wajumbe wa kamati, na ukivipasua vina uwazi ndani vilevile. Jino la Tiantian, kama ni la juu, litupwe chini ya kitanda. La chini ndilo linarushwa juu ya paa. Msije mkakosea, mkamwotesha meno ya sungura. Siki naleta chupa nyingine, lakini jirani yako mwambie duka liko wazi.

Haya, nimevunja.

Niliwaita wote waje washuhudie, wasiseme nimeficha. Mzee Kou, mwenzangu wa kujenga mnara, alikuja na kiti chake kabisa, akakaa uani kama anayeangalia sinema. Bibi yako ndiye alitutesa. Aligoma kushuka kitandani. Unajua analala upande ule wa mdomo wa jiko tangu baba yangu alipofariki, mahali pa mkubwa wa nyumba. Mafundi wamesimama na nyundo mikononi, yeye amekunja miguu anawatazama tu. Akaniuliza, "Sasa mkubwa atalala wapi?" Nikamwambia kwa mkeka wa umeme kitanda chote kinakuwa na moto sawasawa. Akafikiri. Akasema, "Basi hakuna mkubwa." Kisha akashuka mwenyewe, akaenda kukaa kwenye ngazi mpaka tulipomaliza.

Kijiji kimefuata. Kufikia jioni nyundo zilikuwa zinalia kila uani, mimi nilizisikia kwa miguu.

Kuhusu yale mawe ya makaa niliyoyachagua kwa ajili ya mnara, usiniulize yako wapi, nami sitakudanganya.

Baba yako

*

Baiyangwa, 2 Desemba 2018

Yanping,

Hii ni barua ya tatu, ile ya pili, ya Novemba, hukuijibu. Sijui kama ilipotea au nawe umepata ugonjwa wa masikio.

Sote tupo. Kuku wawili wamekufa kwa baridi. Nilichinja wa tatu kabla hajawafuata, tukamla na viazi.

Transfoma ni ileile ya zamani. Ikifika jioni kila nyumba inawasha hita, taa inakuwa nyekundu kama jicho la mlevi, halafu giza. Tunakaa. Umeme unarudi tukiwa tumeshajifunika kila nguo iliyomo ndani, tunawasha, unakatika. Na cha kuchekesha, pale bondeni, juu ya shimo nililochimba mimi mpaka ardhi ikatitia, sasa vimepangwa vioo vya umeme wa jua mpaka macho yanachoka. Nyaya nene kutoka huko zinapita juu ya paa letu kwenda miji ya mbali. Kou anasema zinavuma. Mimi sizisikii, nakaa chini yake na baridi yangu.

Watu hawanilaumu kwa mdomo. Jana Kou alichukua fimbo akaniandikia kwenye theluji: "Fundi, moto uko wapi?" Nilifuta kwa kiatu. Alikuwa anatania, lakini hakucheka.

Habari za Bibi yako usiniulize. Yupo.

Baba

*

Mjini, 28 Desemba 2018

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Sisi wazima. Tiantian jino jipya limeanza kuonekana.

Suala la transfoma linashughulikiwa. Liko katika hatua nzuri.

Nimetuma mafurushi mawili ya blanketi nzito. Ofisi nayo itatuma mnara wa taa kwa kila kijiji kilichoacha makaa, ili mwaka mpya usiwe mkavu. Unawaka vizuri sana, nimeuona. Mimi sitaweza kuja sikukuu. Tumepangiwa zamu ya kukesha tukiangalia moshi vijijini.

Hukuandika habari za Bibi. Amekula? Anatembea?

Yanping

*

Baiyangwa, 15 Januari 2019

Yanping,

"Linashughulikiwa" ni salamu ya wapi hiyo? Mimi nilikulea kwa maneno mengine.

Juzi kipaza sauti cha kijiji kilitangaza. Nilimwona Kou amesimama katikati ya njia mdomo wazi, nikamtingisha bega, akaniandikia kiganjani neno kwa neno. Baiyangwa imesifiwa wilaya nzima. Kijiji cha mfano. Nyumba zote zina joto, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Watu walitoka nje kusikiliza wakiwa wamejifunga blanketi ulizotuma wewe.

Nani kawaambia wakubwa kwamba hakuna aliyelalamika? Mimi nimelalamika. Nilimlalamikia mtu wa ofisi hiyohiyo, kwa mkono wangu, na stempu nikabandika.

Sina zaidi.

Baba

*

Baiyangwa, 7 Februari 2019

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya wetu wa kalenda ya mwezi, ulioanza juzi, kwako, kwa Hao na kwa mjukuu wangu. Vibumba vya unga vyenye nyama ndani tulipika vya kutosha, fungu lako tuliliweka mezani kama kawaida, na likaliwa na Kou kama kawaida.

Nilitaka nisikuandikie tena. Lakini hili siwezi kukaa nalo peke yangu.

Mnara wenu wa taa ulifika. Dude la plastiki limepakwa rangi lifanane na makaa, ndani taa nyekundu, na kitambaa kinarukaruka kwa feni eti ndio ulimi wa moto. Tukauchomeka langoni kwetu, kwa kuwa mnara siku zote husimama langoni kwetu. Ili umeme usikatike tulipatana kila nyumba izime hita. Umeelewa? Kijiji kizima kilizima moto wake wa kweli ili ule wa uongo uwake.

Bibi yako alikuwa ameshajiandaa tangu mchana. Tangu theluji ianguke hajashuka kitandani isipokuwa kwa haja, miguu imevimba, usiku natia mikono yake kwapani mwangu. Sasa nimekuambia. Lakini usiku ule alitaka kwenda. Tulimshika huku na huku mimi na Kou. Akalivua koti lake la pamba, akalinyoosha mbele kwa mikono miwili kuelekea ule wekundu, kama anavyofanya kila mwaka, kama alivyokufundisha wewe ulipokuwa unafika magotini. Akazunguka mara tatu kulia, mara tatu kushoto. Kisha akaliweka koti shavuni, alivae likiwa na moto wa mwaka mpya.

Akalihamishia shavu la pili. Halafu akanigeukia. Anapotaka nimwelewe huwa anasema polepole, nimtazame midomo. Akasema, "Shuanzhu, nimeshakufa, siyo?"

Nikamwomba arudie, kwa kuwa sikutaka kuamini midomo yake.

Akasema, "Moto nauona. Joto silipati. Nanyi nyote mnanitazama hamsemi kitu. Kama nimekufa niambieni, nisisimame bure kwenye baridi."

Kou aliniachia Bibi yako akaenda zake nyuma ya ukuta. Nimelia, mwanangu, mbele za watu, mzee mzima nimelia. Nikamvalisha lile koti. Lilikuwa baridi kama bati. Tangu siku hiyo hataki chakula, anasema wafu hawali, wanawekewa tu.

Tarehe kumi na tisa ni ile siku ya kumi na tano ya mwaka, siku ya taa, na mnara unaruhusiwa kuwashwa tena kwa desturi. Mawe ninayo. Yako kwenye shimo la viazi. Nitawasha. Nakuambia mapema kwa sababu wewe ni mwanangu, na wewe ndiye wa kuniadhibu.

Baba yako

*

Mjini, 13 Februari 2019

Baba,

Nakuomba usiwashe.

Kwenye nguzo karibu na kisima kuna kamera. Ukitoka moshi langoni kwetu, kijiji kitaondolewa kwenye mpango, na transfoma itapelekwa kwingine. Ndivyo nilivyoambiwa leo, na aliyeniambia hakuwa anatania. Nivumilie mpaka mwezi wa tatu. Baridi imebaki kidogo.

Mwambie Bibi

Sijui umwambie nini.

Yanping

*

Baiyangwa, 21 Februari 2019

Yanping,

Barua yako ilifika mchana wa siku yenyewe. Nikaisoma mara mbili. Nikaikunja nikaiweka mfukoni, nikaenda kwenye shimo la viazi.

Mnara ulikuwa mdogo, unafika gotini tu. Kou ndiye aliyepanga duru ya chini, akakosea kama miaka yote, nikaibomoa nikapanga upya, akanitukana. Tuliacha uwazi katikati, tukatia vijiti, tukabandika karatasi nyekundu. Ukashika upesi. Mawe mazuri yale, hayana moshi mwingi, lakini moshi ulikuwepo, sikatai.

Nikamtoa Bibi yako nje nimembeba mgongoni. Akalinyoosha koti. Safari hii hakumaliza hata mzunguko mmoja, akasimama, akalishika kifuani, akasema "Heeh!" Nililisoma hilo bila shida. Akalivaa, akalifunga mpaka shingoni, akaanza kuamrisha watu: wewe leta lako, na wewe, mtoto yule yuko wapi, mleteni. Wakaja wazee wote na makoti yao. Akaomba uji. Akala bakuli zima na kiazi juu, akauliza kwa nini hakuna siki.

Mkaguzi alifika moto ukiwa bado mwekundu. Mwanamke wa makamo, koti la bluu, pua imeganda, maskini, naye alikuwa anasikia baridi. Akauliza nani kawasha. Nikafungua mdomo. Bibi yako akanipiga fimbo mguuni, akamwambia, "Mimi. Niandike. Bai Yu'e, miaka tisini na mmoja. Nilikuwa nimekufa tangu mwaka mpya, leo nimerudi. Andika na hilo." Yule mwanamke akamtazama. Akaandika. Kisha, kabla hajaondoka, akavua koti lake, akalielekeza kwenye moto kidogo, akalivaa akaenda.

Najua karatasi hiyo inakuja mezani kwako. Fanya kazi yako, sitakuuliza.

Baba

*

Mjini, 14 Machi 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bibi. Nilianza barua hii mara nyingi. Tiantian anakusalimu, jino limetoka zuri, siyo la sungura. Mimi na Hao tumegombana, lakini jana alipika, na safari hii chakula kiliungua kwa makusudi.

Karatasi ilifika. Ilikuwa juu ya nyingine zote. Ningeweza kuitupa, na mkaguzi yule ninamfahamu, asingeuliza. Nikaenda nayo kwenye mkutano, nikaisoma kwa sauti mbele ya wakubwa, mpaka pale pa kufa na kurudi. Wawili walicheka. Nikangoja wamalize. Nikasema, huyu ni Bibi yangu, adhabu iandikwe kama kwa mtu mwingine yeyote. Kisha nikasema lile tangazo kwamba Baiyangwa ina joto lilitoka kwangu mimi, na kwamba sijakanyaga Baiyangwa tangu majani yapukutike. Nilikuwa naogopa kuja, Baba. Ningekuja ningeona, na ningeona ningelazimika kusema.

Hakuna aliyecheka tena. Mkubwa wangu alisema nimemwaibisha, na ni kweli.

Nimetolewa ofisini. Sasa niko na kikosi cha mafundi wa nyaya, nabeba vifaa na kuhesabu nguzo. Mikono imepasuka. Transfoma yenu imepitishwa. Hawakuona huruma, waliona aibu, na mimi nimeipokea aibu hiyohiyo kama ilivyo.

Ila usinielewe vibaya. Bado naamini mkeka na hita, na bado sitaki Tiantian arudi kukohoa. Kilichonishinda ni kwamba tuliwavunjia jiko kabla ya kuwaletea moto. Mawe yaliyobaki kwenye shimo la viazi, tafadhali, yaache hapo.

Tutafika kabla ya siku ya kusafisha makaburi. Nitakuwa kwenye gari la mafundi. Usinipikie.

Mwanao,
Yanping

*

Baiyangwa, 5 Aprili 2019

Mwanangu Yanping,

Leo nimetoka makaburini. Nimemfagilia mama yako kaburi, nikamweleza habari zako zote, hata za mikono kupasuka. Baridi mwaka huu haitaki kuondoka, maji ya ndoo bado yanaganda.

Ulikuja ukaondoka bila kukanyaga ndani, na mimi nilikuwa nimepika. Najua gari lilikuwa linakungoja. Bibi yako alikuwa dirishani, akaona mtu juu ya ngazi kwenye nguzo, kofia ngumu kichwani, akaniuliza yule kijana mwembamba ni nani. Nikamwambia ni Yanping. Akapiga kioo kwa fimbo mpaka nikaogopa kitapasuka. Hukumsikia, sasa umejua mimi ninaishi vipi. Akasema, "Mbona hashuki kula?" Nikamwambia anafanya kazi. Akasema, "Basi wekeni chakula chake mezani." Tukaweka. Kou naye akaja.

Umeme haujakatika tangu mlipoondoka. Nyumba zote zinawasha kwa pamoja, taa inatulia. Kou ananiuliza, jua likizama vile vioo vinafanya nini. Nimemwambia nitakuuliza wewe, basi nijibu, asidhani ameshinda.

Kitanda chote kina moto sawasawa, kama ulivyosema. Lakini Bibi yako analala palepale kwake, upande wa mdomo wa jiko ambalo halipo, na sisi wengine hatupasogelei.

Leo alfajiri alinipiga fimbo mguuni kuniamsha. Kulikuwa na giza, nikahisi anasema kitu, nisiweze kumwona midomo. Nikadhani ndio saa yenyewe imefika. Nikapapasa ukuta, nikabonyeza taa, ikawaka. Alikuwa amekaa, viganja vyote viwili amevilaza juu ya mkeka, mashavu mekundu. Nikamwambia, "Mama, sema tena, sijakuona."

Akasema polepole, ananitazama, "Nimesema bado nipo. Zima taa ulale."

Baba yako,
Shuanzhu